Nimepotelewa na Mwenyekiti

Jamani, leo nimeaibika mbele ya kwaya nzima, na nilikuwa nimevaa vizuri.

Naandika haya nikiwa nimekaa sakafuni, mlango nimeufunga, pazia nimelishusha. Ni saa nane mchana. Nawaambia ninyi wa kundi letu la shule kwa sababu mko mbali. Anayeishi Singida Mjini hana haja ya kusoma, ameshasikia.

Kwa wasiojua, mimi siku hizi ni fundi cherehani. Nilihamia Utemini mwaka huu baada ya ndoa yangu kufika mwisho wake (hiyo si habari ya leo). Nimepanga vyumba viwili, kimoja nalala, kingine nashonea. Mwanamke mgeni, hana mume, anakaa peke yake. Mnajua mtaa unavyomwangalia mtu wa namna hiyo. Kwa hiyo nimeishi kwa adabu sana. Nawapa shikamoo hadi watu walionizidi miezi.

Sasa, panya.

Chumba cha kushonea kilikuwa na panya wasio na huruma. Walitafuna kwapa la gauni la bibi harusi zikiwa zimebaki siku mbili harusi ifike. Nikabandika ua la kitambaa palepale. Watu wakauliza kwa nini bibi harusi ana ua kwapani. Nikasema ndio mtindo. Wiki iliyofuata wakaja wasichana wawili wanataka ua la kwapani.

Hata hivyo, nikaona huko tunakokwenda siko. Nikaamua kutafuta paka.

Mama yangu mdogo anaishi Mtinko, na paka wake alikuwa amezaa watoto wanne. Kabla ya kwenda nilisoma kwenye simu namna ya kuchagua. Macho yawe angavu, yasiwe na tongotongo. Masikio yawe safi. Tumbo lisiwe limejaa kama ngoma. Umburuzie uzi, uone kama anaufuata. Umshike, uone kama anatulia. Basi nikachuchumaa uani kwa mama mdogo na uzi wangu, nakagua mmoja mmoja, nafunua midomo, nahesabu vidole.

Mama mdogo alikuwa anapeta alizeti. Akaniangalia weee, mpaka akaweka ungo chini.

"Rehema, unachagua paka au unachagua mchumba?"

"Paka, mama. Nataka niwe na uhakika."

"Mbona mchumba hukumkagua hivyo?"

(Ni kweli. Nikaendelea kuhesabu vidole.)

Watatu waliukimbiza uzi mpaka wakagongana vichwa. Wa nne, dume jeusi lenye doa jeupe kwenye ncha ya mkia, alipanda juu ya kiti pekee kilichokuwa uani. Akakaa katikati. Akawatazama wenzake wanavyohangaika. Akafumba macho. Nilipomshika akatulia. Nilipomweka chini akarudi kitini.

"Huyo ni mwenyekiti," mama mdogo akasema.

Nikacheka. Nikamchukua huyohuyo, pamoja na jina lake. (Ile simu ilisema nichague mchangamfu. Mimi nikachagua kiongozi.)

Nilimleta mjini kwenye kikapu kilichofunikwa kanga. Kesho yake nikampeleka kwa bwana mifugo, akamkuta na minyoo, akampa dawa. Akanielekeza: dagaa wa kuchemsha bila chumvi na ugali kidogo, maziwa ya ng'ombe nisimpe, yatamharisha. Nimwekee beseni la mchanga la kujisaidia. Na asitoke nje mwezi mzima mpaka aizoee nyumba, maana akitoka mapema hatajua pa kurudi.

Nilifuata yote. Nawaambieni ukweli, sijawahi kumtunza kiumbe hivyo. Ndani ya wiki tatu akanenepa, manyoya yakang'aa, beseni lake akalijua, na usiku akawa analala miguuni kwangu. Panya hakukamata hata mmoja. Lakini alikuwa anawaangalia.

Hapa muelewe jambo moja kabla hamjanihukumu. Mtaa wetu una mwenyekiti wake wa serikali ya mtaa, mzee wa heshima zake. Lakini mimi sijawahi kumwita mwenyekiti hata siku moja. Namwita Baba Neema, kwa sababu mkewe, Mama Neema, ndiye mteja wangu mkubwa. Mama Neema anaongoza kwaya ya akina mama kanisani kwao, na ni yeye aliyewashawishi wenzake kwamba sare za kwaya nishone mimi. Wanawake kumi na wawili. Kazi ya kwanza kubwa tangu nihamie. Leo saa nne nilitakiwa niende kwake kuwapima.

Kwa hiyo kichwani mwangu Baba Neema alikuwa Baba Neema, na Mwenyekiti alikuwa na miguu minne.

Haya. Leo asubuhi.

Naamka, miguu ina baridi. Natazama, hayupo. Upepo wa Singida mnaujua, ulikuwa umesukuma dirisha mpaka komeo likaachia, pazia linapepea nje kama bendera. Nikatazama chini ya kitanda. Nikatazama ndani ya sufuria. Nikafunua hadi kifuniko cha cherehani. Hayupo. Dagaa wake wako vilevile kwenye kisahani.

Ana miezi mitatu tu! Nje kuna mbwa, kuna pikipiki. Nikajifunga kanga, nikatoka.

Jirani yangu, Mama Shufaa, alikuwa anafagia upande wake wa ua.

"Mama Shufaa, shikamoo. Umemwona Mwenyekiti?"

"Marahaba. Nimemwona alfajiri, anatokea upande wako huo. Anaelekea kwake."

"Kwake wapi? Kwake si hapa?"

Mama Shufaa akaacha kufagia.

"Kwake ni hapa?"

"Tangu wiki tatu zilizopita. Kule alikotoka sidhani hata kama wanamkumbuka."

"Hee."

"Usiku tumelala vizuri tu. Kumbe alfajiri kapitia dirishani, hata kula hajala!"

Mama Shufaa akaegemeza ufagio ukutani taratibu. "Pole, fundi," akasema. "Ngoja niingie ndani kidogo." Nikadhani ameenda kuvaa viatu anisaidie kutafuta. (Alienda kuchukua simu.)

Nikazunguka nyuma ya nyumba kwenye yale mawe makubwa. Nikachungulia kila mwanya. "Mwenyekiti! Mwenyekiti, toka huko, nimekuwekea dagaa!" Mzee mmoja aliyekuwa anapita na baiskeli akashuka, akaikokota, akanisikiliza, akapanda tena.

Nikafika kijiwe cha bodaboda. Vijana wananifahamu, huwa nawatengenezea zipu za majaketi.

"Habari za asubuhi. Mmemwona Mwenyekiti?"

"Salama, dada fundi. Tumempita sasa hivi, yuko kwa Mama Neema, amekaa barazani."

Mungu wangu, nilivyoshukuru! "Asanteni. Maana ametoroka kwangu alfajiri kupitia dirishani."

Wakatazamana.

"Dirishani?" mmoja akauliza. "Na ule mwili wote?"

"Amenenepa, lakini dirisha likiwa wazi anapenya."

Yule kijana akavua kofia yake ya pikipiki, akaishika kifuani kama mtu aliyeko msibani.

(Mwenye akili timamu angesimama hapo akajiuliza maswali mawili matatu. Mimi nilikuwa nafurahi. Nilirudi nyumbani, nikaoga haraka, nikavaa gauni langu la kitenge la kutokea, nikatundika futi la kupimia shingoni, nikaondoka. Nilijua mambo mawili nayamaliza safari moja.)

Nilipoingia uani kwa Mama Neema, wanakwaya wote walikuwa wamekaa kwenye mkeka na mabenchi. Walikuwa wanaongea. Wakanyamaza. Nilipaswa kutambua kwamba wanawake kumi na wawili hawanyamazi pamoja kwa bahati mbaya. Sikutambua. Nilikuwa natafuta mkia kwenye baraza, sikuuona, na hofu ikanirudia upya. Hata salamu nikasahau.

"Mama Neema," nikasema, "samahani, nimekuja lakini akili haipo. Mwenyekiti yuko hapa? Nimeambiwa yuko hapa."

Mama Neema ni mama mnene, mpole, anaongea taratibu. Aliongea taratibu zaidi.

"Unamtakia nini, fundi?"

"Nimrudishe nyumbani."

Benchi likalia. Mtu alikuwa amesogea mbele ili asikie vizuri.

"Nyumbani kwako," Mama Neema akasema.

"Ndiyo, mama. Huu mwezi hakutakiwa kutoka nje kabisa. Nimemfungia ndani wiki tatu, nikasema azoee kwanza, ndipo aanze kutoka mchana. Leo alfajiri upepo umefungua dirisha."

"Wiki tatu."

"Wiki tatu! Na alivyokuja, mama, usingemtazama. Mbavu nje. Ana minyoo. Nimemtibu mimi, nimemlisha mimi. Sasa hivi anang'aa! Na ana upendo, analala miguuni kwangu mpaka asubuhi. Ila kuogeshwa ndio hataki. Juzi nimemwogesha, tazama alivyonikwaruza."

Nikawaonyesha mkono. Wanakwaya wakainuka kidogo kuuona. Mmoja wa sauti ya pili akasema polepole, "Hata shikamoo hajatoa."

Mama Neema akasimama. Akageukia mlangoni. Kumbe mama yule akitaka sauti, anayo.

"BABA NEEMA! NJOO HAPA!"

Akatoka Baba Neema, amevaa fulana ya ndani na msuli, mkononi ana kiazi kitamu alichokwisha kukimega. Kitambi kimetangulia. Hapo ndipo adabu yangu ikarudi.

"Shikamoo, Baba Neema."

"Marahaba, fundi. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za hapa?"

"Salamu zimetosha!" Mama Neema akasema. "Fundi, rudia uliyosema. Rudia mbele yake."

Mimi nikaona huyu mama ana busara. Kitu kimepotea mtaani, anataka kiripotiwe kwa kiongozi wa mtaa, labda atoe tangazo. Nikasimama vizuri.

"Baba Neema, nimepotelewa na Mwenyekiti."

Baba Neema akajitazama.

"Mbona nipo?"

"Si wewe, Baba Neema. Mwenyekiti wangu. Anayelala kwangu."

"Mwenyekiti wa mtaa huu si ni mimi?"

Jamani.

Hapo ndipo masikio yangu yalipata moto. Kila nililosema tangu asubuhi likaanza kurudi, moja moja, kwa foleni. Kwake ni hapa. Kapitia dirishani. Amenenepa lakini anapenya. Minyoo. Nimemwogesha.

Ningesema neno moja tu, "paka," mambo yangeisha. Neno halikuja. Likaja lingine.

"Si huyu!" nikapiga kelele, namwonyesha mzee wa watu kwa kidole. "Mama Neema, haki ya Mungu, si huyu! Huyu mimi wa nini? Huyu hata nikipewa bure simchukui!"

Mama Neema akaweka mikono kiunoni.

"Ana kasoro gani?"

"Hana kasoro, mama, ila..."

"Hebu mtazame. Ana kasoro gani mpaka umkatae? Mimi niliyemchukua nilikuwa kipofu?"

"Hapana, mama. Ni mzuri. Ni mzee mzuri sana."

"Ahaa! Kwa hiyo unamtaka!"

Baba Neema alikuwa ameacha kutafuna. Kiazi kimekaa upande mmoja wa shavu, macho yanaenda kwa mkewe, yanakuja kwangu, yanarudi. Sidhani kama aliwahi kugombewa na kukataliwa ndani ya dakika moja.

"Ana mkia!" nikasema. "Mwenyekiti wangu ana mkia! Mweusi, una doa jeupe mwishoni! Ni paka, mama! Paka! Nimemtoa Mtinko kwa mama mdogo kwa sababu ya panya!"

Kwanza hakuna aliyecheka. Nilitamani wacheke. Mama Neema akanitazama kwa muda, akamtazama mumewe upande wa nyuma (nadhani bila kukusudia), akanirudia.

"Paka."

"Paka, mama."

Ndipo Baba Neema akameza kiazi chake. Nikajua sasa nimepona. Kumbe mzee alikuwa na swali moja tu.

"Paka umempa jina Mwenyekiti. Kwa nini?"

Ningeweza kudanganya. Ningesema kwa ajili ya heshima. Ningesema ana uso wa hekima. Lakini nilikuwa nimeshalia kidogo, wanawake kumi na wawili wananitazama, na mtu akiwa katika hali hiyo husema ukweli.

"Kwa sababu... alipanda kwenye kiti. Wenzake wakawa wanahangaika. Yeye akawaangalia tu. Halafu akasinzia."

Mwanakwaya mmoja akafunika uso kwa kanga. Wa pili akainama kama anafunga kiatu, na alikuwa amevaa ndala. Kisha ile sauti ya kwanza yote ikalipuka, sauti ya pili ikapokea, mpaka Mama Neema mwenyewe akashika nguzo ya baraza, mwili wote unatikisika. Kumbe bomba la maji la mtaa limepasuka tangu kiangazi, na kila kikao cha kulijadili Baba Neema huketi kitini, huwatazama watu wanavyohangaika, halafu husinzia.

Baba Neema hakucheka. Akasubiri watulie.

"Na panya anakamata?"

"Bado, mzee."

"Bado?"

"Anawaangalia. Nadhani... yuko kwenye maandalizi."

Wakalipuka tena. Mimi sikuwa nafanya mzaha, Mungu ni shahidi. Nilikuwa najibu swali.

Mama Neema akafuta machozi, akawa mzito tena. "Haya. Huyo paka tukamwone."

"Mama, si nimewaambia amepotea?"

"Ndiyo maana twende."

Nikaelewa. Paka asipoonekana, sina ushahidi. Nitakuwa mwanamke aliyevunja nyumba ya watu halafu akasingizia mnyama. Tukaondoka kwa msafara, mimi mbele na futi langu shingoni, Mama Neema nyuma yangu, kwaya yote, na Baba Neema mwishoni kabisa akifunga vifungo vya shati. Tukapita kijiwe cha bodaboda. Waliinuka wote. Tukapita kwa Mama Shufaa, akatufuata na simu mkononi.

Nikafungua chumba cha kushonea. Nikaita. "Mwenyekiti?" Kimya. "Mwenyekiti, tafadhali!" Nyuma yangu Baba Neema akakohoa. Nikapekua majora ya vitambaa, nikavuta meza. Mama Neema alikuwa anahesabu pumzi, namsikia.

Kikatikisika kikapu cha vipande vya vitambaa, pale chini ya cherehani. Nilikuwa nimekiangalia asubuhi kwa juu juu tu. Kikatoka kichwa cheusi, uzi wa njano umening'inia sikioni. Akapiga miayo mirefu, tukaona meno yote. Hakuwahi kutoka nje. Hakuwahi kupita dirisha lolote. Alikuwa amelala.

Nilikaa chini nikamkumbatia mbele za watu. Sikujali tena.

Mama Neema akainama, akamkagua macho, masikio, akatazama lile doa la mkia. Kisha akamtazama mumewe.

"Hata kuamka mnaamka sawa," akasema.

Sare nitashona mimi, nashukuru. Niliwapima palepale, wote kumi na wawili, mmoja alikuwa anacheka vibaya kiasi kwamba kiuno chake nimekipima mara tatu na sina imani nacho. Suruali za Baba Neema zitakwenda kwa fundi mwingine, hilo limesemwa wazi. Na kabla hajaondoka alisimama mlangoni, akatoa agizo kwa sauti ya kikao:

"Mtaa huu una mwenyekiti mmoja, na alichaguliwa. Huyo mnyama abadilishwe jina leo."

(Wangu pia nilimchagua, tena baada ya kumkagua meno. Sikusema. Nimejifunza.)

Kwa hiyo naombeni majina. Msilete vyeo, msilete jina la mume wa mtu. Kwa sasa namwita "Wewe." Haitiki, lakini angalau Wewe hana mke mtaa huu.